Marumaru Isiyo Jiwe

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, ni maneno machache yanayotamkwa kwa wepesi kama marumaru. Boksi hufunguliwa, hutolewa kibamba cha udongo uliookwa, uso wake umeng'arishwa kama kioo, na juu ya uso huo imechapwa picha ya jiwe: mishipa ya kijivu juu ya weupe, au madoadoa meusi juu ya wekundu. Muuzaji husema hii ni marumaru. Mnunuzi huafiki, fundi huafiki, na stakabadhi huandikwa vivyo hivyo. Bidhaa imeuzwa, na pamoja nayo limeuzwa neno.

Neno lenyewe si la jana. Limefika pwani kutoka Kiarabu, marmar, likiwa jina la jiwe: mawe ya chokaa yaliyozikwa chini ya ardhi, yakapikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito wa milima hata yakageuka chembe zinazometameta. Wala jiwe hilo si la Italia na India peke yake. Limo katika miamba ya Uluguru. Limo Mahenge, ambako wachimbaji huvunja marumaru wakitafuta spineli na rubi zilizojificha ndani yake. Matale nayo yamejaa Dodoma, na Mwanza yamesimama hata ndani ya maji ya ziwa. Nchi haikupungukiwa na mawe. Kilichopungua ni lugha ya kuyaulizia dukani.

Kile kinachouzwa, kwa upande wake, kina jina lake, tena jina zuri: kigae. Kigae ni kipande cha chungu; mwenye kutamka kigae amekwisha kutaja udongo na moto. Hakuna aibu katika hilo. Kigae husafishika kwa urahisi, hakiogopi ndimu wala siki, na bei yake humwezesha mwalimu na mchuuzi kukanyaga sakafu safi. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze, vilivyoanza kazi katika miaka ya 2010, vimekifanya kuwa bidhaa ya nchini. Basi kigae hakina kosa. Kosa ni kukivisha kanzu ya jiwe. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kama kigae ni kizuri, na ni kizuri, kwa nini kisijiuze kwa jina lake?

Watakuwapo watakaopinga. Watasema lugha ni mali ya wasemaji, na wasemaji wakiamua kwamba marumaru ni kigae, basi imekuwa. Watatoa na ushahidi: neno sakafu. Asili yake katika Kiarabu ni dari au paa, nalo kwa Waswahili limekuwa mahali pa kukanyaga. Ikiwa paa limeweza kuwa chini, mbona jiwe lisiwe udongo?

Hoja hii ni nzito, na inastahili kujibiwa kwa nyumba yenyewe. Katika majumba ya mawe ya Unguja na Lamu, boriti za mikoko zilipangwa, juu yake yakalazwa matumbawe, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigiliwa na watu wengi kwa pamoja, mapigo yakifuata nyimbo, mpaka ikashikamana. Kitu hicho kimoja kilikuwa dari kwa aliye chini na uwanja wa miguu kwa aliye juu. Neno lilihama kutoka kichwani hadi nyayoni, lakini kitu kilibaki kilekile, na hakuna aliyepunjwa. Marumaru haikuhama hivyo. Hapa kitu ndicho kilichobadilishwa, na jina likaachwa palepale ili heshima ya jiwe iendelee kulipiwa. Mabadiliko ya kwanza yalifanywa na wakaaji wa nyumba. Haya ya pili faida yake huishia kwa muuzaji.

Tena upo mfano ulio karibu zaidi. Katika majengo ya zamani ya Uhindini, jijini humohumo, zipo sakafu za terazo: vipande vidogo vya mawe, aghlabu marumaru ya kweli, vikachanganywa na saruji, vikasagwa na kusuguliwa hata vikalainika. Sakafu hiyo ina marumaru ndani yake, na bado iliitwa terazo. Kibamba cha leo hakina hata punje ya marumaru, na ndicho kinachojiita marumaru.

Hasara ya jambo hili si ya washairi na waandishi wa kamusi tu. Mtazame mstaafu aliyetenga sehemu ya kiinua mgongo chake kwa ajili ya sakafu ya nyumba. Huoneshwa marumaru ya bei hii na marumaru ya bei ile, akachagua kwa siku nzima, na kumbe alichochagua ni picha tu. Swali la jiwe hakuulizwa. Na mwingine aliyejaaliwa uwezo, akanunua jiwe lenyewe, hulitunza kwa mazoea ya kigae. Marumaru ni chokaa, na tindikali huila. Ndimu iliyodondoka, ukwaju uliomwagika, siki ya achari au dawa kali ya kusafishia choo huacha doa lililopoteza mng'aro, na doa hilo halifutiki kwa kitambaa. Jikoni mwa pwani, ambamo ndimu haikosekani, matale hustahimili kuliko marumaru. Bafuni, jiwe lililong'arishwa sana huteleza likilowa maji. Huko hufaa lenye uso uliosuguliwa bila kung'arishwa. Haya ni maarifa madogo, lakini hayawezi kufundishwa kwa lugha inayoita vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Kisha kuna suala la uzito, na hapo mzaha unakwisha. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye vyumba sita na ukumbi katikati, imebomolewa mtaa baada ya mtaa ikapisha maghorofa. Mita moja ya mraba ya jiwe lenye unene wa sentimita 2 ina uzito wa zaidi ya kilo 50. Kigae cha kawaida hakifikii nusu ya hapo. Chumba cha mita 4 kwa 3 kikitandikwa jiwe hubeba zaidi ya kilo 600, kabla ya kuhesabu saruji ya kulilazia, makabati na watu. Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka katika Mtaa wa Indira Gandhi. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Na kote kuwili watu walipoteza maisha. Hakuna anayedai kwamba mawe ya sakafu ndiyo yaliyoyaangusha majengo hayo. Lakini vifusi hivyo vinatosha kumkumbusha kila mjenzi kwamba jengo hubeba kile lilichopigiwa hesabu kubeba. Mwenye nyumba anayemwambia mhandisi kwamba orofa ya nne itatandikwa marumaru, hajamwambia kitu mpaka aseme jiwe au kigae.

Na kutofautisha si kazi ya wataalamu pekee. Kibamba kigeuzwe. Kigae, nyuma yake, aghlabu huwa na mistari ya kalibu, na ubavuni huonesha rangi ya udongo tofauti na uso wake. Katika jiwe mshipa huingia ndani na kutokea ubavuni. Vipande kumi vipangwe chini: kwenye vigae, doa lilelile litarudi pahala palepale, mawe mawili hayafanani kamwe. Mwisho, tone la ndimu lidondoshwe kwenye kipande cha sampuli. Likiachwa kwa muda, marumaru itafifia, kigae hakitabadilika. Ndimu moja ya sokoni yatosha kumpa mnunuzi ukweli ambao stakabadhi imemnyima.

Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, alitandika marumaru iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ilikuwa fahari ya mfalme, na fahari ina lawama zake; lakini kilichoitwa marumaru kilikuwa marumaru. Leo fahari imeshuka bei hata ikaenea, na hilo ni jema. Ila haikulazimu jina lishushwe pamoja nayo.

Basi wenye maduka waandike kigae penye kigae na jiwe penye jiwe, na wataje ni jiwe gani. Mafundi wakatae kujiita mafundi wa marumaru hali hawajawahi kukata jiwe. BAKITA na BAKIZA, wenye dhamana ya lugha, wasiridhike kusanifu maneno ya vitabuni huku maneno ya sokoni yakighushiwa. Na mnunuzi asingoje wote hao. Akiingia dukani, kabla ya kuuliza bei, na aulize kwanza: hili ni jiwe au ni kigae?