Uliwekewa mrija wa glakoma utotoni? Kliniki bado haijaisha

KAMA uliwekewa mrija jichoni ukiwa mtoto kwa sababu ya glakoma, yaani presha ya macho, hebu jiulize: mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini? Ikiwa unahesabu kwa miaka, makala haya ni yako.

Najua utakavyojitetea. Ukiwa mdogo, mama ndiye aliyebeba kadi na kupanda matatu nawe alfajiri kutoka Mutomo au Mtito Andei. Sasa uko chuoni ama unaendesha boda boda, jicho haliumi, unaona. Unasema, "Si nilifanyiwa upasuaji? Nilipona."

Hapo unajidanganya. Mrija hauponyi glakoma, unaizuia tu. Kazi yake ni kutoa maji ndani ya jicho na kuyapeleka kwenye kisahani kidogo kilichoshonewa chini ya utando wa nje, ambako mwili huyafyonza. Dkt Anthony Molteno alibuni kifaa cha aina hii nchini Afrika Kusini miaka ya 1960, na tangu hapo kimeokoa macho mengi.

Lakini miaka nayo inapita. Kovu huwa nene kuzunguka kisahani, maji yakakosa njia na presha ikapanda tena. Jicho la mtoto hukua, mrija ukasogea. Wakati mwingine utando unaoufunika huchakaa, mrija ukabaki wazi na viini vikaingia. Ndiyo maana wengi hurudia dawa ya matone, na wengine hurudi kupasuliwa. Si eti daktari alikosea. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo.

Ubaya ni kwamba presha ikipanda polepole haipigi hodi. Huanza kula uwezo wa kuona pembeni. Ukija kugundua, neva imeshaharibika, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Hata hivyo, tusimlaumu kijana peke yake. Nauli ya Nairobi pamoja na siku nzima bila kazi si mchezo. Kupima presha ya jicho huchukua dakika chache na hakuhitaji chumba cha upasuaji. Kaunti za Kitui na Makueni zihakikishe kipimo hicho kinapatikana karibu na wagonjwa, na kila mtoto aliyewekewa mrija awe kwenye orodha ili akikosa kliniki apigiwe simu. Makueni, iliyoanzisha MakueniCare mwaka 2016, haiwezi kutuambia kwamba hili ni kubwa mno.

Nawe fanya lako. Weka tarehe ya kliniki kwenye simu. Tia matone uliyoandikiwa hata kama jicho haliumi. Likiwa jekundu, likiuma au ukiona ukungu, usingoje tarehe. Nenda siku hiyo hiyo.

Mama aliibeba ile kadi hadi ukakua. Sasa ibebe mwenyewe.