Wazazi na Watoto: Kule jua limekwisha kushuka

Leo tuzungumuze juu ya telefone yenye kuonyesha sura, kwani nyumba nyingi hapa kwetu ziko na ndugu aliye mbali. Dada yangu iko Finland, inchi ya kaskazini ya Ulaya yenye kupokea wakimbizi Wakongomani tangu miaka mingi.

Nianze na kosa langu. Kila mara dada alipoita, mimi njo nilikamata telefone wa kwanza: viatu, dawa, pesa ya masomo. Watoto walikuwa pale, wanasikiliza. Siku moja nikamupa mutoto wangu wa miaka 5 asalimie mutoto wa shangazi yake. Neno lake la kwanza: «Mutatutumia nini?» Nilisikia haya sana. Nani alimufundisha vile?

Basi tukatenga siku ya watoto. Siku ile mukubwa haombi kitu.

Mwezi wa 12 tuliita saa kumi ya mchana. Wakati wa baridi yao, saa ya Helsinki na ya Lubumbashi ni moja. Lakini kule jua lilishuka tangu saa tisa na robo! Mutoto akapiga kelele: «Papa, kwabo ni usiku!» Nikakamata embe na tochi, nikamuonyesha namna dunia inavyoinama, na kaskazini inapata mwangaza kidogo. Mwezi wa 6 tukaita tena: yule mwenzake anaenda kulala, na jua lingali dirishani.

Aliona pia viatu vinaachwa mulangoni, hata vya wageni. Alisikia kwamba shuleni watoto wote wanakula bila kulipa. Vile inafanyika tangu 1948. (Hapo mimi baba nilinyamaza.)

Naye akapata zamu yake. Akapeleka telefone inje, chini ya muti wa maembe. Mutoto aliyezaliwa kule alizoea embe la duka, juu ya muti hakuliona hata siku moja. Kisha mama akasonga bukari mbele ya telefone, na mwanangu akaeleza namna ya kunawa na kufinyanga tonge. Angalia vile alisimama, kama mwalimu!

Kwa wadogo dakika 10 zinatosha. Ukae karibu naye, umuulize, umueleze. Peke yake anaona picha tu. Mega zikiisha, waombe watume video fupi, mutaiangalia magaribi. Tena nyumba moja si inchi nzima: dada yangu anapika sombe, na mwanangu akafikiri Wafini wote wanakula sombe. Sasa tunauliza: «Na jirani yenu anakula nini?» Njo tukaonyeshwa mukate wao mweusi, mugumu kidogo.

Kambo bado anapita nyuma yetu, ananong'ona juu ya kitenge. Tunamujibu kwa heshima: «Kambo, siku ya wakubwa ni Posho.»