SHANGAZI, BONYEZA HAPO!

Mimi nadunda tu, isipokuwa macho yamekuwa mekundu kama ya mpiga debe wa alfajiri, na ukiniuliza kisa nitakwambia ni kioo. Sio kioo cha kujitazama bwana, ni kioo kidogo cha kompyuta, inchi tatu na nusu kona hadi kona, yaani kinalingana na pakiti ya sigara. Hicho ndicho kimeninyima usingizi wiki tatu.

Wale wa siku zote mnajua kwamba nakaa kwa shangazi, na kwamba shangazi anakaanga chapati asubuhi na kufuga kuku wa kienyeji jioni. Mwaka jana nilimtengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao, globu mbili za kizamani zile zinazotoa joto, na thamostati ya kuziwasha na kuzizima. Mayai ya kuku yanataka joto la nyuzi 37.5 hivi, siku 21. Ndani nikatia kipima joto, nikakiunga kwenye kompyuta yangu ndogo aina ya Raspberry Pi, ikawa inanitumia joto kwenye simu nikiwa pale pale nyumbani. Nikajiona profesa.

Basi nikapata msiba Morogoro, nikaondoka siku mbili. Usiku wa kwanza tu thamostati ikaganda, globu zikawaka mpaka asubuhi. Shangazi akachungulia, akaona taa zinawaka vizuri, akafunga akaenda kwenye chapati zake. Niliporudi nikafungua kumbukumbu za kompyuta, lahaula, joto lilifika nyuzi 43! Trei mbili, mayai 60, na hela yake ilikuwa ya mchezo wa akina mama, zamu yake aliyoingojea miezi minane. Yote yameiva bila kuchemshwa.

Angenigombeza ningefurahi. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda chake akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo kompyuta yako ilijua?"

Nikamwambia, "Ilijua shangazi."

"Sasa mbona haikusema?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Shangazi ana simu ya kitochi, haingii mambo ya mtandao, na ile kompyuta haikuwa na kioo wala sauti. Ilikaa pale juu ya kabati inajua kila kitu, imenyamaza kama mtoto aliyevunja sahani.

Kwa wasioijua, Raspberry Pi ni ubao mmoja tu ulio sawa na kadi ya benki kwa ukubwa, umebeba kompyuta nzima mgongoni. Wenyewe ni Waingereza wa Cambridge, kina Eben Upton, waliona vijana wanaojua kuandika programu wanapungua, wakaamua kutengeneza kitu cha bei chee watoto wakichezee bila kuogopa kukiharibu. Ulianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, na siku hiyo hiyo tovuti za wauzaji zikazidiwa na watu, zikaanguka. Mimi ninao wa toleo la tatu, lile la 2016, nimeununua mkononi kwa mshikaji aliyekwama kodi ya chumba. Unakuja mtupu: hauna kioo, hauna kibodi, hauna hata swichi ya kuwashia. Ubavuni una pini 40 zimesimama kama chanuo, na humo ndimo unamochomeka mambo yako.

Nikaanza kusaka kioo. Wenyewe waliotengeneza ubao walitoa kioo chao cha kugusa cha inchi saba mwaka 2015, nukta 800 kwa 480, kinasikia vidole kumi kwa mpigo, picha zake zinapita kwenye utepe mwembamba na sio kwenye zile pini. Mwaka 2024 wakatoa kingine cha nukta 720 kwa 1280. Vizuri sana, ila dola 60 kwangu mimi ni ndoto ya mchana. Nikashuka Kariakoo, nikapata hiki cha inchi tatu na nusu, nukta 480 kwa 320, kinachochomekwa moja kwa moja juu ya pini. Muuzaji akanihakikishia, "Unabandika tu kaka, kinawaka." Na hakusema uongo bwana, kiliwaka. Kiliwaka cheupe pee, kama kanzu ya Idi, na hakikuonyesha kitu kingine chochote siku nne.

Nilishataka kukirudisha nikamtukane mtu. Kumbe kosa sio la kioo. Ule weupe ni taa ya nyuma tu, ikipata umeme inawaka hata kama kompyuta haina habari kwamba pale kuna kioo. Lazima uiambie. Kuna faili linaitwa config.txt, zamani lilikuwa kwenye folda ya /boot, lakini tangu mfumo wao wa mwaka 2023 limehamia /boot/firmware, na mimi nilikuwa nahariri la zamani kama chizi! Nikaandika mistari miwili, dtparam=spi=on na wa pili dtoverlay=piscreen,drm. Nikazima, nikawasha. Maandishi yakaanza kutiririka mle ndani, nikapiga ukelele jirani akadhani Simba wamefunga.

Usitegemee kuangalia sinema mle. Picha zinapita kwenye waya mmoja, nukta kwa nukta. Nukta 153,600, kila moja biti 16, ukizituma kwa mwendo wa biti milioni 16 kwa sekunde unapata picha sita na kidogo tu kila sekunde. Lakini joto la mayai halikimbii, kwa hiyo mimi sina shida.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Kioo kinakalia pini 26 za mwanzo, na kipima joto changu kilikuwa kwenye pini ya 7, yaani kimefukuzwa kwao. Nikasema nakihamishia kwenye zile 14 zilizobaki. Nikatafuta pini ya volti 3.3 ya kukilisha. Loo! Zipo mbili tu kwenye ubao mzima, ya 1 na ya 17, na zote zimelaliwa. Kukilisha volti 5 sithubutu, maana pini za Pi zinavumilia 3.3 tu, ukizipelekea 5 unaunguza ubao, na mshikaji wangu hana mwingine wa kuuza. Ikabidi nisikichomeke kioo juu kabisa, nikakivutia nyaya moja moja. Kinatumia pini chache kuliko zinavyoonekana: umeme, ardhi, nne tano za picha na tatu za kugusa. Pini ya 1 nikaiachia kipima joto, ya 17 nikaipa kioo, amani ikarudi. Nyaya zimejaa kama mie kwenye bakuli, lakini haya.

Halafu ikaanza kujizima yenyewe. Linatokea onyo la umeme mdogo, linapotea, linarudi. Lile onyo maana yake ni njaa, umeme umeshuka chini ya volti 4.63. Nilikuwa natumia chaja ya simu ya ampea moja, na ubao wa toleo la tatu wanataka uupe chaja ya ampea mbili na nusu, bado sijahesabu taa ya kioo. Nikabadili chaja, na katikati nikatia pawabenki, ile aina inayokubali kuchajiwa huku inatoa, ili umeme ukikatika kompyuta ibaki macho.

Mwisho kabisa nikamwita shangazi. Nilikuwa nimemwandikia tarakimu kubwa za joto, chini yake kitufe cha kijani kimeandikwa NIMEONA, na kengele inayolia joto likivuka 38.5 au likishuka chini ya 36.5. Akija anabonyeza, kengele inanyamaza, na saa inaandikwa.

"Shangazi, bonyeza hapo!"

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Mimi nikabonyeza kule juu kwenye tarakimu, kengele ikanyamaza! Shangazi akanitazama kwa lile jicho lake. Kumbe nilipoigeuza picha isimame wima, sehemu ya kugusa haikugeuka, yenyewe bado inadhani imelala. Ni vitu viwili tofauti vimebandikwa pamoja, kila kimoja unakigeuza kwa namba zake. Nikazibadili, kidole na kitufe vikakutana.

Na hapa niwape siri moja. Watu wanavidharau hivi vioo vya bei rahisi kwa sababu havisikii mguso mlaini kama simu zenu za kisasa. Ni kweli. Simu inasikia umeme wa ngozi, hiki kina matabaka mawili yanayogusana ukikandamiza. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakijali umekandamiza na nini, ukucha, mwiko, au kidole chenye donge la unga wa chapati, yote sawa kwake. Simu yangu shangazi akiishika saa kumi na moja alfajiri haimsikii kabisa. Hiki kinamsikia.

Tukaanza upya na trei moja, mayai 30, mengine ya kukopa. Siku ya saba tukayamulika kwa tochi, matano hayakuwa na kitu, 25 yana mishipa.

Siku ya tisa niliamka asubuhi nikakuta chupa mbili za maji ya moto zimefungwa khanga, zimelazwa kwenye kona za sanduku. Nikatazama kumbukumbu. Saa 8:12 usiku joto 36.4, umeme umekatika, kengele imelia. Saa 8:14, NIMEONA. Saa 9:40 joto 37.2. Saa 11 kasoro umeme umerudi. Mimi na uprofesa wangu nilikuwa nakoroma chumba cha pili.

Nikamfuata jikoni, "Shikamoo shangazi. Mbona hukuniamsha?"

"Marahaba. Nikuamshe wa nini," akasema huku anasukuma donge, "si ilishasema?"

Leo Jumamosi unaponisoma ni siku ya 18, mayai hayageuzwi tena, sanduku limefungwa, na Jumanne ndio siku yenyewe. Kioo kina alama tano za unga, na nimekatazwa kuzifuta.