Jua la Umoja si jua la Ulaya

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Lakini kuna jambo limenikera, lazima niliseme.

Jirani yangu hapa Umoja alichoka na stima kupotea, akanunua paneli ya sola. Fundi wake akaingia kwenye kikokotoo fulani cha bure cha intaneti. Kikamwambia: elekeza kusini, inamisha nyuzi 35. Akachomelea fremu ya chuma juu ya paa. Ilipofika Juni betri ikawa haijai, na saa tatu usiku watoto wanasomea mshumaa. Fundi analaumu betri.

Mimi nalaumu hesabu, tena ni hesabu ya sekondari tu.

Fikiria msumari uliosimama wima juu ya kioo cha paneli; paneli ikiinama, nao unainama. Pima pembe kati ya msumari huo na jua. Kosaini ya pembe hiyo ndiyo sehemu ya miale ya moja kwa moja unayoipata.

Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri huwa juu ya latitudo 23.4 kaskazini, kwa hiyo kwetu linasimama nyuzi 24.7 kaskazini mwa utosi. Paneli ya jirani inatazama kusini: 24.7 na 35 ni 59.7. Kosaini yake ni 0.50. Nusu ya jua imepotea!

Sasa ielekeze kaskazini kwa nyuzi 10 tu, mwinamo unaotosha mvua kuosha vumbi. Juni unapata asilimia 97. Desemba, jua likihamia kusini, unapata 85. Ni kweli fremu ya fundi ingepata 97 Desemba, lakini Juni ndiyo yenye mawingu, na jua dogo linalochungulia ndilo la kutunza.

Kikokotoo hakikudanganya. Kiliandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Kwetu linabadilisha upande, na programu haikuuliza mtumiaji yuko wapi. Hapo ndipo lawama inaturudia sisi waandishi wa programu. Tunanakili kodi ya watu na namba zao zote, halafu mwenye kulipa ni mtu wa Umoja au Kayole aliyejinyima kununua paneli moja.

Usiniamini mimi. Juni ijayo panda kwenye paa na kijiti mnamo saa sita na nusu mchana. Si saa sita kamili, maana saa zetu hufuata longitudo 45 na sisi tuko karibu 36.8. Kivuli kitaanguka kusini. Basi paneli itazame upande wa pili.

Jirani amekubali fremu ikatwe Jumamosi. Fundi bado ananuna.