Nani anashika kamba ya mbwa wako?

KANDO YA MACHIMBO
Na Kabula Masunga

Nyumba mpya za Nyankumbu mjini Geita, za Nyihogo mjini Kahama na za Ibinzamata hapa Shinyanga zinafanana kwa mambo matatu: ukuta mrefu, geti la chuma na mbwa. Dhahabu imeleta fedha, fedha imeleta hofu ya wezi, na hofu imeleta mbwa. Geti tunalitafutia fundi mwenye jina. Ukuta tunauulizia saruji na nondo. Mbwa hatumtafutii mtu. Anaongezwa kwenye kazi za dada wa nyumbani, baada ya vyombo na nguo, au mtoto wa darasa la nne anaambiwa amtoe nje jioni akirudi shule.

Hili ni kosa, tena la hatari. Kumtembeza mbwa ni kazi kamili. Inahitaji mtu mzima aliyechaguliwa, akahojiwa na kulipwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Wapo watakaosema mbwa wa ulinzi hatembezwi, kwamba akizoea njia atapoteza ukali. Sikubaliani nao. Mbwa anayeshinda bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku hajui lipi ni la kawaida na lipi ni geni. Anambwekea muuza maziwa, mjomba na paka kwa sauti ileile, mpaka wenye nyumba wanaacha kuamka. Aliyeuzoea mtaa wake, bodaboda zake na majirani zake, ndiye anayebweka penye sababu.

Nianze na mtoto, kwa kuwa ndiye anayeumia zaidi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, mara nyingi zaidi ya idadi iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Katika wilaya zinazopakana na Serengeti, zikiwemo Meatu na Bariadi ambazo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, mbwa wamechanjwa kwa kampeni za miaka mingi, na kesi zilipungua palipochanjwa mbwa wa kutosha. Lakini hata siku ya chanjo, wanaoleta mbwa wengi ni watoto, kila mmoja na kamba ya katani mkononi, mbwa wamebanana, wanatoleana meno. Mwenye mbwa yuko nyumbani.

Kumwajiri mtoto pia hairuhusiwi ovyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Mbwa wa kilo 35 aliyeona mbuzi hamvuti mtoto kwa wepesi.

Basi tumtafute mtu mzima. Wapi? Usianze na anayepita getini akiomba kibarua. Muulize jirani mwenye mbwa mtulivu nani anamlisha. Muulize ofisa mifugo wa kata, kwa sababu anawajua vijana wanaomsaidia kushika mbwa wakati wa chanjo. Ukishampata mtu, omba kitambulisho cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa mtaa wake, kisha uwapigie simu watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi. Sababu ni hii: mtembeza mbwa ndiye mtu pekee wa nje ambaye mbwa wako hatambwekea akiingia saa nane usiku. Kwenye miji hii ya dhahabu hilo ni jambo la kupimwa kwa makini. Uliza mara moja, kwa heshima, ukimalizana nalo basi. Mtu anayetazamwa kama mwizi kila asubuhi hawezi kumpenda mbwa wako.

Usaili ufanyike mbwa akiwepo. Mfugaji wa Kishapu hampi mgeni ng'ombe wake kwa maneno ya kibarazani. Humpeleka zizini akaona anavyoingia. Hapa pia, tazama mikono. Anayenyoosha mkono moja kwa moja juu ya kichwa cha mbwa asiyemjua hajui kazi. Anayejua husimama ubavu, hamkazii macho, humwacha mbwa aje kumnusa. Mtazame na mbwa mwenyewe: mkia ukibanwa katikati ya miguu na masikio yakilala nyuma, kuna jambo amelisikia kwa huyo mgeni. Mkia unaotikisika nao hautoshi. Mbwa mwenye hasira pia huutikisa, ila mwili wake unakakamaa kama mti.

Msikilize anavyojibu. Anayesema "mimi siogopi mbwa yeyote" ananitia wasiwasi kuliko anayesema "mbwa huyu mkubwa, naomba siku chache tuzoeane." Na aliye bora atakuuliza wewe. Amewahi kuuma mtu? Nani humlisha? Amechanjwa lini, kadi iko wapi? Ukishindwa kujibu la mwisho, anayo haki ya kuondoka, na mimi ningemshauri aondoke. Akija na fimbo, muulize ni ya nini. Huku kwetu fimbo ni sehemu ya mavazi ya mwanaume, hivyo usimhukumu kwa kuibeba. Akijibu kwamba ni ya kumfukuza mbwa koko, sawa. Akijibu kwamba bila fimbo mbwa haelewi, mshukuru kwa kuja.

Muulize pia: mbwa akikuuma, utafanya nini kwanza? Jibu sahihi ni kuosha jeraha palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo. Akitaja majivu au mafuta ya taa, mfundishe. Ujinga wa namna hiyo unafundishika, ukatili ni mgumu zaidi.

Lipo swali ambalo wengi hulikwepa, la dini. Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafi, na ndio wengi nchini, akiguswa na mate ya mbwa hulazimika kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwambie kazi ilivyo kabla hajakubali na umwachie aamue. Dada wa kazi anayeficha usumbufu huo kwa kuogopa kufukuzwa anaonewa, hata kama mwajiri wake hajamwambia neno baya.

Sasa njia. Hapa ndipo ukanda wetu unapotofautiana na Dar es Salaam au Arusha. Kutoka Katoro hadi Nyarugusu, kutoka Mgusu hadi Kakola, ardhi imetobolewa. Kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi, yamefunikwa na nyasi baada ya mvua za masika. Kuna mialo ya kuoshea dhahabu inayotumia zebaki, na yapo mabwawa ya sehemu za kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, kwa sayanaidi. Sayanaidi inazuia chembe za mwili kutumia oksijeni, na mnyama aliyekunywa ya kutosha hufa ndani ya dakika chache. Mbwa aliyetembezwa Septemba, jua kali, maji hakuna, atakimbilia dimbwi la kwanza atakaloliona. Kwa hiyo mwambie mwombaji akuchoree kwa kidole vumbini njia atakayopita. Asiyejua maduara ya zamani yako wapi asipewe mbwa, hata awe na upendo kiasi gani. Na aondoke nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na chupa ya maji ya mbwa na bakuli. Mjini Shinyanga aongeze tahadhari ya daladala za baiskeli, maana mbwa wengi hawaivumilii miguu ya mwendesha baiskeli.

Akishapita yote hayo, mpe wiki moja ya majaribio. Ilipe. Mfuate kwa mbali siku ya kwanza, na umwambie kwamba utamfuata. Halafu mwandikiane: saa za kazi, malipo, nani anagharamia matibabu akiumwa. Kama ni dada wa kazi anayekubali kuongezewa kazi hii kwa hiari, mshahara wake uongezwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mbwa amlinde na njaa, kiu na mateso. Deni hilo linabaki kuwa lako hata kamba ikiwa mkononi mwa mwingine.

Msomaji wangu wa Geita, Kahama na Shinyanga, kama mtoto wako ndiye anayemtoa mbwa nje, ichukue kamba hiyo leo jioni uishike mwenyewe mpaka utakapompata mtu mzima wa kumlipa. Kesho itafute kadi ya chanjo. Usipoiona, nenda kwa ofisa mifugo wa kata yako kabla ya kumhoji mtu yeyote.