Mzee Asiyesikia Asitengwe Sebuleni



Juma hili tutafakari jambo linaloonekana dogo, nalo ni sauti ya televisheni sebuleni. Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, ifikapo taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mzee huomba sauti iongezwe, na mwanafunzi mwenye mtihani kesho yake huomba ipunguzwe. Mwishowe mzee hunyamaza, hutazama picha asizozielewa, kisha huenda kulala mapema. Nasi twasema: "Mzee amebadilika, hataki tena maongezi." La hasha! Hakubadilika, hasikii.

Tukumbuke kwamba televisheni ilifika Tanzania Bara miaka ya 1990 tu. Kabla ya hapo wazee wetu waliijua nchi kwa masikio. Waliizunguka redio moja kumsikiliza Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama. Kwa watu wa malezi hayo, kupoteza usikivu ni kutolewa nje ya baraza.

Wala si wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Uzee ni sababu mojawapo. Nyingine ni kelele za muda mrefu, masikio yatokayo usaha bila kutibiwa, na baadhi ya dawa. Tunao kati yetu waliofanya kazi miaka mingi kando ya injini za boti na mashine za kusaga.

Upo msaada ambao familia nyingi hazijaufikiria: visikizio visivyo na waya, ambavyo vijana huviita hedifoni. Kitako chake huunganishwa na televisheni na kurusha sauti kwa mawimbi ya redio. Mzee huvaa visikizio na kujipimia sauti yake mwenyewe. Faida yake si ukubwa wa sauti tu. Maneno humfikia sikioni moja kwa moja, bila kuchanganyika na mwangwi wa chumba wala makelele ya watoto.

Kabla ya kununua, tuulize mambo mawili. Je, televisheni itaendelea kutoa sauti kwa wengine? Baadhi hunyamaza mara tu waya wa kitako unapochomekwa. Je, sauti haichelewi? Baadhi ya visikizio vya Bluetooth huchelewa kidogo, na mzee aliyezoea kusoma midomo husumbuka.

Kwa maoni yetu, nyumba inayoweza kulipia king'amuzi kila mwezi yafaa iweke akiba kidogo kidogo kwa ajili ya kifaa hiki. Hata hivyo, tunaona hatari mbili.

Ya kwanza ni kukifanya kifaa kuwa daktari. Pengine sikio limezibwa na nta tu, au lina ugonjwa unaotibika. Mzee apelekwe kwanza hospitali; Bugando, Mwanza, wako wataalamu wa masikio. Tena sauti isipandishwe kupita kiasi, maana kelele huua hata usikivu uliobaki.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi: kumvisha mzee visikizio ili sisi tupate utulivu, kisha tumwache humo kama mgeni aliyefungiwa chumbani. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu hakumpigia kelele kiziwi kutoka mbali. Alimtenga na umati, akamgusa masikio. Alimpa nafasi yake kwanza.

Basi taarifa ya habari ikiisha, babu avue visikizio. Tupunguze sauti ya televisheni, tuketi mbele yake penye mwanga, tumtazame usoni, tuseme polepole bila kufoka. Tumwulize ameionaje habari ya leo, na tumngojee ajibu. Kifaa kitamrudishia sauti ya mtangazaji. Sauti ya wajukuu ni juu yetu kumrudishia.

Tunawatakia Dominika njema.