Mukaka si mulozi, sokulu si mzigo

Kuna wenzetu wenye wanapenda sana kusifu wazee wakisha kufa. Siku ya matanga wanakodi viti na bafle, wanavaa tisheti zenye foto ya marehemu, wanasimama mbele ya watu na kulia: «Mukaka alitulea! Mukaka alitupenda!» Lakini uliza majirani wa avenyu ile: huyu mukaka, miaka yake ya mwisho, alikuwa akilala wapi? Nani alimpelekea bugali? Mara nyingi jibu linaleta haya. Sisi tunaandika kurasa hizi kwa kukataa upendo wa namna ile, upendo wenye unaanzia kaburini.

Sisi wenye tulikomalia vijijini, tangu milima ya Lubero mpaka pori la Manguredjipa, tunajua vizuri utamu wa mukaka na sokulu. Mama akikasirika, mtoto alikimbilia kwa mukaka, na fimbo iliishia mlangoni. Sokulu alimwita mjukuu wake wa kike «bibi yangu», mukaka naye alimwita mvulana «bwana yangu», na nyumba nzima ilicheka. Katika mchezo ule mtoto alijifunza kujibu mkubwa bila woga na bila dharau. Viazi vya kuchoma ndani ya majivu, hadisi za usiku, blanketi moja ya watoto wanne: nani kati yetu amesahau?

Ila tusipunguze wazee mpaka wakawa sukari ya utoto tu. Nyumba yao ilikuwa shule. Katika kyaghanda, pale wanaume walikaa kuzunguka moto, sokulu alifundisha majina ya mababu, mwiko wa ukoo, nani ni mjomba, nani huwezi kumwoa, na namna gani ya kupatanisha wagomvi mbele hawajatoana damu. Alionyesha mpaka wa shamba: «Angalia hii muramura, baba yangu njo aliipanda.» Jikoni mukaka alifundisha kuchagua mbegu ya maharagi, kutunza bulo, kulinda mwanamke mwenye mimba. Hata jina lilikuwa somo. Ukisikia Kambale, unajua ni mvulana wa pili. Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Masika ni msichana wa kwanza. Mtoto alijua nafasi yake kati ya ndugu hata mbele ya kujua kuhesabu. Mwanzo wa miaka ya 1970, padri Lieven Bergmans alitoa vitabu juu ya historia na desturi za Wanande. Mambo yale hakuyaota. Mgeni aliona kama wazee wetu wana kitu cha kusema. Namna gani wajukuu wenyewe hawaoni?

Sasa tuangalie vile wengine wanalipa deni lile. Mtoto anagonjwa wiki mbili, biashara inaanguka, minervali inakosa. Wanakimbilia chumba cha maombi, na huko mtu mwenye kujiita nabii anaona maono: «Kuna muzee moja katika famili yenu, anakulaka batoto.» Ajabu ni kwamba kidole hakielekei kwa tajiri wala kwa mwenye bunduki. Kinaelekea kwa mwanamke mjane, maskini, mwenye macho mekundu. Na macho yale mekundu, tunajua yalitoka wapi: ni moshi wa jiko alilopikia watoto, kisha watoto wa watoto wake, miaka makumi.

Hii si mchezo ya maneno. Katika mwezi wa 6 wa mwaka 2001, huko Aru katika Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa sababu tu waliitwa walozi. Huko si mbali na sisi. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Kifungu cha 49 kinampa mtu mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Neno «ulozi» halikuandikwa katika kile kifungu cha wazee. Pengine walioandika walifikiri hakuna mtu angethubutu kumtendea mukaka wake vile. Basi watu wanathubutu.

Kuna wenye watatujibu: «Lakini wazee wenyewe njo walitufundisha kuogopa walozi! Wao njo walinyima wasichana urithi!» Ni kweli, na hatufichi. Kyaghanda ilikuwa ya wanaume, na si kila kitu kilichosemwa pale kilikuwa cha haki. Sheria ya famili ya 1987 inahesabu mvulana na msichana sawasawa katika urithi, na sisi tuko upande wa sheria ile. Lakini nani alisema kurizi ni kumeza kila kitu? Mtu anachagua mbegu: iliyooza anatupa, nzuri anapanda. Huwezi kuchagua kama umekwisha kumfukuza mwenye ghala.

Na leo ghala liko hatarini kuliko zamani. Katika mwaka 2024 mashambulizi ya ADF yalifika sekta ya Bapere. Watu wa Manguredjipa na vijiji vya jirani walikimbia, wengi wakielekea Butembo, safari ya karibu kilometa 100. Katika mbio za namna ile, mwenye miguu ya nguvu anatangulia, muzee anafika wa mwisho, kama anafika. Akifika mjini kwa mtoto wake, nyumba ni ya kukodi, chumba ni kidogo, chakula kinahesabiwa. Ndipo neno «mzigo» linaanza kusikika nyuma ya mlango.

Sisi tunauliza swali moja tu kwa mwenye kusema vile. Siku ya kurudi, nani atakuonyesha shamba lako? Huko Bapere, Wapere, Wanande na wengine wanaishi pamoja, na mara nyingi mapatano juu ya udongo yamekaa ndani ya vichwa vya wazee, hakuna karatasi. Nyumba iliyochomwa inajengwa tena. Lakini pori likisha funika muramura, na mwenye alijua mahali ilipandwa akafa peke yake bila kuulizwa, majirani wawili watabaki na mapanga kama mashahidi. Kumbuka hilo wakati unamuona muzee ameketi kwenye kona ya nyumba, kimya.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, watumishi wa Mungu, mapadri, wachungaji na maimamu, waseme wazi mbele ya waamini: mwenye kuita muzee mulozi anatenda dhambi, na mwenye kumgusa atajibu mbele ya tribinali. Pili, kila famili yenye kupokea wakimbizi itoe kwa muzee mahali pa kulala mbele ya kuweka mizigo yake ya biashara. Tatu, na hili halina bei: mtoto wa segondere achukue kayee na kalamu, aketi karibu na mukaka ao sokulu, aandike majina ya mababu, mipaka ya mashamba, hadisi na dawa. Telefone yenye anatumia kwa michezo inaweza pia kuchukua sauti ya muzee.

Na kama muzee ni wa jirani, aketi naye vilevile. Kyaghanda haikuwa miti na majani. Ilikuwa mtu mkubwa mwenye kusema na mtoto mwenye kusikiliza, na hiyo inawezekana hata leo jioni, hata ndani ya chumba kimoja cha kukodi.